Maua ya Elda ya Bibi

Ilianza Jumamosi moja ya Juni 2004, saa kumi alasiri, Bibi alipoirudisha bilauri ya maji na kusema yananuka bomba. Alikuwa ametoka hospitali wiki hiyo, amelazwa chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Saltley, mtaa wa Birmingham, Uingereza, na daktari alishamwambia mama kwamba asipokunywa atarudi kulekule. Bibi alitaka maji yaliyotiwa asumini, kama ya kwao Unguja. Asumini Birmingham tungeitoa wapi? Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne na haya zangu nyingi. Kiswahili nilikielewa chote ila nikijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi na Bibi hatukuwa na mazungumzo marefu. Nikatoka hadi kwenye uzio wa reli, ambako mti wa elda ulikuwa umejaa vishada vyeupe vinavyonukia, nikarudi na mfuko mzima.

"We mtoto, unaniletea wadudu ndani!" mama akafoka. Bibi akazamisha pua mfukoni, akakaa hivyo muda. "Si asumini," akasema. "Lakini tutafanyaje. Msiyaoshe, mtaosha harufu." Tukafanya alivyoagiza: maua, maji, sukari nyingi, chupa ikafungwa kabisa harufu isitoke, ikawekwa siku kadhaa kwenye kabati la boila, mtambo wa kuchemshia maji ya nyumba, penye joto. Siku zote hizo akawa anakunywa vijiko tu vya maji, na kila nikirudi shule ananiuliza, "Bado?" Nami namjibu, "Bado, Bibi," kwa Kiswahili, bila hata kuona haya.

Mama alipoifungua, kizibo kiliruka na povu likafika darini. Akanusa. "Toba! Mama, hii imekuwa pombe."

"Pombe ya maua?" Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. "Hebu nionje, nione kama ntaimba."

"Mama!"

"Haya, nakutania. Mwaga." Akageukia ukutani. Mama akamwaga yote kwenye sinki, na nyumba nzima ikanukia hadi usiku. Hilo ndilo lililoniuma, maana Bibi naye alikuwa akiisikia harufu hiyo pale kitandani.

Siku hizi sharbati ya elda imejaa mikahawa ya Moseley, mtaa mwingine wa jiji letu, inaletwa na barafu na kipande cha limau. Wenzangu wakiagiza, mimi naomba chai.

Lakini asubuhi ile baada ya mama kuimwaga, kabla ya shule, nilijaza bilauri maji ya bomba nikampelekea Bibi. Akafungua mdomo, akanywa yote, bila kunusa, bila kuniuliza kitu. Nikamfuta kidevu, nikaiosha bilauri, nikaenda shule.