Kichwa cha Poland, Kinyozi wa Voi

Munyoki anapenda kujisifu na mimi nimechoka kumsikia, lakini ya Ijumaa ile nitaisimulia mwenyewe kabla hajaitia chumvi ikaharibika. Kibanda chake cha kinyozi kiko ubavuni mwa duka langu la ushonaji hapa Voi, ukuta wa mabati tu unatutenga. Mashine yake naisikia kutwa, na yeye namsikia zaidi ya mashine. Baba yake alikuwa mkata mkonge, na Munyoki alijifunza kazi kwenye vichwa vya wakata mkonge wenzake. "Mimi nikikunyoa," huwaambia wateja, "hata mama mkwe ataomba picha." Ana mwiko mmoja tu. Mteja hajitazami kiooni mpaka kazi iishe, kwa sababu, asema, mtu akijiona nusu huingiwa na woga, na mwoga hutikisa kichwa.

Kaka yangu Jeconia, kifungua mimba wetu, yuko Poland, anapakia mizigo kwenye ghala. Sisi ni Wamaragoli, ila kazi ya reli ilimleta babu Voi na hatukurudi. Jeconia amemchumbia Mumbe, Mkamba wa Marungu, na Jumamosi tulikuwa tupeleke mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba mbuzi hao wasipopokewa, hakuna ndoa. Jeconia alinyimwa likizo. Nyanyake Mumbe, ambaye sote twamwita Susu, akakubali tuende bila bwana harusi kwa sharti kwamba amwone kwenye simu, kichwa wazi, bila kofia. Alisema mjukuu wake haendi kwa mtu aliyejifunika.

Ijumaa asubuhi Jeconia akanipigia simu ya video akiwa na kofia ya sufu.

"Branice, usicheke."

Alipoivua nilicheka, kisha nikakasirika. Alikuwa ameingia kwa kinyozi wa mtaa wake kujitayarisha kwa wakwe, na mzee wa pale, Zbigniew, hajawahi kushika nywele kama zetu. Alizichana zilale, zikakataa. Akazifuata kwa makasi popote ziliposimama. Juu ya sikio la kulia palikuwa na shimo, kisogoni palikuwa na ngazi, na laini ya mbele ilipanda kilima. Shamba la mahindi lililoingiliwa na mbuzi lina nafuu.

"Nitanyoa zote," Jeconia akasema. "Kipara tu, yaishe."

Mama yetu, Muhonja, alikuwa dukani kwangu akinikunjia vitambaa. Akaja mbele ya simu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Basi usinyoe zote. Kwetu kichwa kinanyolewa hivyo tukitoka kaburini. Mara ya mwisho kukuona na kipara tulikuwa tumemzika baba yako. Kesho ni siku ya furaha, Jeconia. Mimi siwezi kukuona hivyo tena."

Kofia Susu hataki, kipara Mama hataki, na mbuzi walikuwa wameshafungwa nyuma ya nyumba wakingoja safari ya Marungu. Munyoki akaingia bila hodi, maana mabati hayafichi siri.

"Leta hiyo simu. Aliyefanya kazi hii yuko wapi?"

"Yuko hapa," akasema Jeconia. "Bado niko kwa kiti chake. Ameona aibu, amenipikia chai."

"Hakuna kinyozi mwingine?"

"Huu mji wote ni yeye tu."

"Basi ndiye atakayeitengeneza. Haelewi Kiswahili, sawa, lakini mikono yake inaelewa. Inahitaji tu kuona. Mimi nataka kichwa."

Saa hiyo hiyo, Mungu amsaidie, kitinda mimba wetu Chrispine akaingia kuchukua suruali yake ya kesho. Chrispine na Jeconia wana kichwa kimoja, cha marehemu baba: paji pana na kinundu kisogoni. Tofauti ni kwamba Chrispine alikuwa amefuga nywele akizipaka mafuta kama mtoto mchanga. Munyoki akamzunguka mara moja.

"Kaa hapo."

"Mimi nimekujia suruali."

Mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Chrispine aliisoma methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini nadhani siku ile ndipo ilipomwingia.

"Buda, si unitoe fade tu mambo iishe?"

"La. Kwanza nikuharibu vile ameharibiwa. Yule fundi lazima aone kosa lake likitengenezwa, si kosa la mtu mwingine."

Chrispine akamtazama Mama. Akatazama simu, akamwona kaka yake ameishika ile kofia kwa mikono miwili.

"Sawa," akasema. "Lakini ukinipoteza, kanisani utaenda kunielezea wewe."

Tukahamia kibandani kwake, mimi nimeshika simu. Munyoki akachimba shimo juu ya sikio la Chrispine, akapanga ngazi kisogoni, akaipandisha laini kilima. Mama alifumba macho. Kule Poland Zbigniew alisogea mpaka pua yake ikajaa kioo cha simu, na alipoona makosa yake yakiota moja moja kwenye kichwa cha Voi, mzee alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akawasha mashine.

Munyoki akaanza chini, akashusha pembeni zote zifikie kimo cha lile shimo, kiganja kikigeuka nje kila mashine inapopanda. Akasimama, akangoja. Zbigniew akafanya vivyo hivyo. Mwanzoni Jeconia alikuwa akitafsiri kwa Kipolandi chake cha ghalani, akaacha alipoona hakuna anayemsikiliza. Ngazi zikapungua, zikaisha.

"Nijione kidogo," akasema Jeconia.

"Mgeuze," akasema Munyoki, akazungusha kiti cha Chrispine kuonyesha. Zbigniew akazungusha chake, kioo kikabaki nyuma.

Ikabaki laini ya mbele. Kuinyoosha kungezidisha paji, na paji letu tayari linatosha ukoo mzima. Munyoki akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akashika wembe, akazizungusha pembe zake polepole, kidogo kulia, kidogo kushoto. Zbigniew akauweka wake kwenye paji la Jeconia, na hapo picha ikaganda.

Niliomba kimoyomoyo. Chrispine alinishika gauni. Mtandao uliporudi, Zbigniew alikuwa ameinua mkono juu, wembe hewani, anatungoja.

"Huyo ni fundi," akasema Munyoki kwa sauti ya chini, na sijawahi kumsikia akimsifu kinyozi mwingine tangu nimjue.

Walimaliza pamoja. Viti vikageuzwa. Jeconia alijitazama muda mrefu, akajishika pembeni, akacheka meno yote nje. Mama akaniambia, "Huyo ndiye mwanangu," na Munyoki akampigia Zbigniew saluti.

Jumamosi, Marungu, mbuzi wakiwa wamesimama uani, Susu akapewa simu. Akaipeleka mbali, akaileta karibu.

"Hii inang'aa tu," akasema. "Macho yangu yana ukungu. Mimi simwoni mtu."

Wazee wakatazamana. Mumbe akainamisha uso. Mimi sina subira, nikamsukuma Chrispine mbele mpaka akapiga magoti.

"Susu, wamezaliwa tumbo moja na wamenyolewa pamoja. Kichwa chake ni hiki."

Susu akanyoosha mkono. Akaupitisha kwenye laini ya mbele, akashuka pembeni, akazunguka kisogoni mpaka kwenye kinundu, akarudi tena bila haraka. Kwenye simu Jeconia, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho.

"Hakijakwaruza mahali," akasema Susu. "Huyu mtu ana watu. Pokeeni mbuzi."

Vigelegele vikapasuka. Mama hakupiga. Hajamshika Jeconia tangu alipoondoka. Alingoja Susu autoe mkono wake, kisha akauweka wa kwake pale pale, macho yake kwenye simu, na kule Poland kile kichwa kikabaki kimeinama mpaka alipoutoa.