Siku Mwalimu Ouma Alipompiga Sange

Nakumbuka siku ile ya msituni, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Nilikuwa msichana, mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu hapa Rangwe. Tulikuwa tumealikwa kuimba Pwani, na kabla ya kurudi tukapelekwa kutembea katika msitu unaohifadhiwa karibu na bahari.

Aliyetuongoza alikuwa Mama Kadzo, mzaliwa wa huko huko. Alituomba jambo moja tu: tutembee polepole, tusimsumbue mnyama yeyote. Ndani palikuwa na ubaridi mtamu, miti imefungana juu hata jua halifiki chini. Mara akatokea mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, akichakura majani makavu.

"Huyo ni sange," Mama Kadzo akanong'ona. "Wamebaki wachache sana."

Mwalimu Ouma, kiongozi wetu wa kwaya, alitaka kumpiga picha akikimbia. Akaokota kipande cha ukuni, akamrushia. Sange akaanguka, kisha akajiburuta kwa miguu ya mbele hadi kichakani. Na watu wakacheka! Watu wale wale walioimba sifa za Muumba jana yake!

"Tokeni," Mama Kadzo akasema, machozi yakimlengalenga.

"Kwa sababu ya panya?" Mwalimu akauliza.

Nikangoja wazee wa kanisa waseme neno. Wakatazama viatu vyao. Basi nikasema mimi.

"Mwalimu, umemvunja kiumbe mgongo kwa ajili ya picha. Mwombe mama huyu msamaha."

"Achieng, wewe ndiye wa kunifundisha adabu?"

"Kama hukufundishwa kwenu, ndiyo."

Hakuomba. Safari nzima ya kurudi hakuna aliyenisemesha, na Jumapili nikaambiwa kwaya haina nafasi yangu. Mama yangu alilia kwa aibu. Mimi nililia kwa hasira. Sikurudi kuwabembeleza, na hadi leo sijuti.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnajiandaa kwenda mbuga ya wanyama ya Ruma. Nendeni, lakini sikiliza, nyathina, mwanangu. Ukiingia wanakoishi viumbe wengine wewe ni mgeni, basi kaa kama mgeni. Na mkubwa akifanya ukatili mbele yako, usicheke ili kumfurahisha. Mkataze kwa maneno wazi, hata kama utabaki peke yako. Heshima haikuzibi mdomo.

Nyasaye, Mungu wetu, akutangulie njiani, akulinde wewe na kila chenye uhai utakachokutana nacho.