Mizimu ya Bafta

Kaka yangu alirudi kutoka Kanada na shahada ya uhandisi, watoto wawili na masanduku matatu, bila mke. Mke wake, mwenyeji wa hukohuko, alikuwa amefariki kwa ugonjwa na akazikwa kwao. Barua ya msiba ilikuwa imetufikia Songea wakati mazishi yamekwisha zamani. Mama yangu alitandika mikeka uani, akakaa msiba bila maiti na bila mfiwa, majirani wakaja wakala ugali, wakaondoka bila kuelewa vizuri nani amekufa.

Serikali ilimpa kaka kazi kwenye barabara ya Tunduru, ambayo masika ilikuwa tope na kiangazi ilikuwa vumbi. Alikuwa anakaa huko wiki nyingi. Watoto aliwaacha kwetu, mtaa wa Msamala hapo Songea, kwa mama na kwangu. Msichana alikuwa na miaka minane na mdogo wake wa kiume mitano. Yule mdogo alijifunza Kiswahili kwa majirani ndani ya miezi miwili, pamoja na matusi. Msichana alikielewa chote lakini hakukisema. Alikuwa anajibu kwa kichwa. Akiamkia wakubwa alisema shikamoo kwa sauti ya chini, akamaliza maongezi hapo.

Mwanzoni mwa Oktoba, kaka akiwa anapandisha mizigo kwenye lori, aliniita pembeni.

"Mwisho wa mwezi huu watataka kutengeneza mizimu," akasema. "Mama yao alikuwa anatengeneza nao kila mwaka. Wasaidie."

Nilimuuliza mizimu ya nini. Akasema ya kupambia nyumba. Nikamuuliza kama amemwambia mama. Akasema lori linamsubiri.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa, marobota yanashushwa sokoni kila wiki, na wanawake waliokuwa wananiletea vitambaa vya gauni za Krismasi tangu Septemba sasa walikuwa wananiletea makoti ya Ulaya niyapunguze mikono. Kwa hiyo nafasi nilikuwa nayo. Vitambaa vilivyobaki pia nilikuwa navyo.

Wiki ya mwisho ya mwezi niliwaita watoto kwenye kibaraza, nikawauliza hiyo sikukuu yao ya mizimu, Halowini kama mdogo alivyoiita, inatengenezwa kwa vitu gani. Mdogo alisema peremende. Msichana alichukua chaki yangu ya kukatia, akachora sakafuni: boga lenye macho na meno, popo, buibui, na kitu kama shuka lililosimama lenyewe.

Nilianza na habari mbaya. Nilimwambia boga hakuna, maboga yanakuja Machi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa Krismasi imehamishiwa Juni. Nikatoka uani, nikaangua papai bichi kubwa kuliko yote, nikaliweka mbele yake. Alilizungusha. Akalikata kichwa kwa kisu cha jikoni, akaanza kukomba mbegu kwa kijiko, nikajua limepita.

Popo tuliwakata kwenye boksi la sabuni, tukawapaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na uji wa muhogo ili yashike. Miili ya buibui ilikuwa magunzi ya mahindi na miguu njiti za ufagio. Utando tuliufuma dirishani kwa kamba ya katani. Mdogo ndiye aliyekuwa mkuu wa masizi. Alipaka popo, akapaka mlango, akapaka jogoo wa jirani aliyekuwa anapita na shughuli zake.

Mama alikuja kukagua. Alikuwa mwanamke wa Kanisa kweli kweli, Mkatoliki wa kuzaliwa, mwenye rozari ya shingoni na nyingine ya akiba. Aliwatazama popo, akasema darini tunao wazima wa kutosha, hakuna haja ya kuongeza wa maboksi. Kuhusu buibui alisema hivyo hivyo. Kwenye papai alichukua mbegu tu, akaenda kuzianika.

Tatizo lilikuwa mizimu. Kitambaa cheupe nilichokuwa nacho kilikuwa bafta, na bafta kwetu ina kazi mbili: bitana na sanda. Nilikata vipande, tukavijaza vitambaa kichwani, tukafunga shingo kwa uzi, msichana akachora macho kwa mkaa. Tulipotundika wa kwanza sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, mama aliingia na kikapu cha dagaa. Alisimama. Kisha akasema jambo kwa Kingoni ambalo sitalitafsiri.

Nilimweleza kwamba ni mchezo wa watoto wa kule, na kwamba kaka ameomba. Akauliza watoto wa kule wanachezea wafu. Nikasema ndivyo nilivyoelewa. Akauliza kwa nini. Hilo sikulijua, na msichana, aliyelijua, alikuwa amesimama juu ya kiti akishikilia uzi, anamtazama bibi yake bila kupepesa.

Mama aliweka kikapu chini. "Huyo amekaa upande," alisema. "Vuta kulia kidogo."

Ikawa mizimu saba. Jioni ya mwisho wa mwezi nyumba ilikuwa tayari, papai liko mezani na mshumaa ndani, linasubiri giza. Nilikuwa nafagia mabaki ya katani niliposikia wanawake wanaimba barabarani, na wimbo unakaribia. Hapo ndipo mama alipotoka chumbani amejifunga khanga yake ya ibada. Jumuiya yetu ilikuwa inasali nyumba kwa nyumba, na mkesha ule wa Watakatifu Wote zamu ilikuwa yetu. Mama alikuwa anajua tangu Jumapili. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia niiondoe ile mizimu, alisema watoto walikuwa wameshahangaika nayo vya kutosha.

Waliingia wanawake kumi na kitu na wanaume wawili, wakituamkia kwa jina la Yesu, na kila aliyepita mlangoni aliinua macho juu. Walikaa kwenye mikeka. Mizimu ilikuwa inazunguka polepole juu ya vichwa vyao kwa upepo wa dirishani. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye duka la chumvi na vibiriti, aliitazama mmoja baada ya mwingine kama anayehesabu wageni, akasema kwamba nyumba hii imejiandaa. Sikujua anasifu au anatuonya. Akasema ni kweli kesho ni Watakatifu na keshokutwa ni Marehemu wote, na roho za toharani hazina mtu wa kuzikumbuka isipokuwa sisi. Wenzake wakaitikia. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama rozari yake.

Tulikuwa kwenye fumbo la tatu umeme ulipokatika. Mashine ya mji ilikuwa na desturi ya kupumzika jioni, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, sala ikaendelea gizani. Ila msichana aliinuka, nikasikia kiberiti, na papai likawaka. Macho mawili na meno ya njano yakatokea katikati ya meza, na mizimu ikapata vivuli ukutani, vikubwa kuliko yenyewe. Mzee mmoja aliacha Salamu Maria nusu. Mwenyekiti akaimalizia kwa niaba yake, akaendelea na inayofuata, uso kwa uso na papai.

Fumbo hilo lilipoisha mwenyekiti alimwita msichana aje karibu. Alimwonyesha mzimu uliokuwa juu yake.

"Huyu ni nani, mjukuu wangu?"

Nilitaka kujibu kwa niaba yake, kama tulivyozoea wote pale nyumbani. Msichana alinitangulia.

"Huyu ni kitambaa," alisema kwa Kiswahili. "Lakini mama yangu amekufa."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu kwa lugha yetu, na aliyasema wazi, bila kutafuta. Mwenyekiti akamuuliza mama yake alikuwa anaitwa nani. Msichana akataja jina. Lilikuwa jina gumu lenye sauti ambazo kinywa cha Songea hakina. Mwenyekiti alilijaribu, msichana akamsahihisha, akalijaribu tena. Kisha akatangaza kwamba fumbo linalofuata linatolewa kwa ajili ya marehemu huyo, na kila mtu akalitamka jina lile kwa namna yake. Nilisikia majina matano tofauti. Mungu alikuwa na kazi ya kuchagua.

Katikati ya sala hiyo mlango ulifunguliwa. Kaka alikuwa amepata lori lililokuwa linapandisha korosho kutoka Tunduru. Alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope, mfuko begani. Aliona vivuli, popo, papai linalocheka, wanawake wa jumuiya wamepiga magoti, na akasikia jina la mke wake likipitishwa mkekani kwa lafudhi za watu ambao hawakuwahi kumwona. Hakuingia. Alikaa kizingitini alipokuwa amesimama, akafunika uso kwa kofia yake. Tangu arudi nchini nilikuwa sijamwona analia, na sikumwona siku hiyo pia, kwa sababu ya kofia. Mdogo alikwenda akamkalia mapajani na mikono yake ya masizi.

Watu walipoondoka, wanawake wawili waliniuliza wanaweza kujifunza wapi kutengeneza papai la namna ile. Mmoja alisema ni taa nzuri kwa choo cha nje.

Siku ya Marehemu tulikwenda makaburini wote, kufyeka majani na kuweka maua kwenye kaburi la baba. Kila familia ilikuwa na kaburi lake la kusafisha. Msichana alizunguka kidogo, akarudi, akamuuliza bibi yake kaburi la mama yake watalifanyaje.

Mama alikuwa ameinama na fyekeo. Alinyoosha mgongo.

"Kule ni mbali, hakuna basi linalofika," alisema. "Mpe salamu babu yako hapa. Alikuwa tarishi wa posta miaka yote. Atazifikisha."

Msichana alilitazama kaburi. Akauliza kama babu alikuwa anajua Kiingereza.

Mama akasema alikuwa anajua kidogo, cha kazini. Msichana akaona kinatosha. Akachuchumaa kando ya msalaba na kuanza kuongea, taratibu, akisimama kila baada ya sentensi ili mzee apate kuandika. Alikuwa na mengi. Sisi tulimaliza kufyeka, tukakaa kivulini kumsubiri.