Taya la Osewe Lililotafuna Kwenye Kompyuta

Karibu mwaka mzima Osewe alifanya kazi bila kuvua barakoa yake ya kuchomelea, hata pale ambapo hakuna alichokuwa akichomelea. Uvimbe ulikuwa umeota ndani ya taya lake la kushoto, polepole, mpaka shavu likatuna na meno mawili yakaanza kucheza. Wateja waliofuata magrili ya chuma ya madirisha kwenye kibanda chake Kawangware walizoea kuongea naye wakiangalia pembeni.

Basi Daktari Nzilani, mpasuaji wa mataya, alipomwita hospitalini pamoja na mkewe Filister, Osewe aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Daktari akageuza kompyuta iwatazame. Fuvu la mtu lilikuwa likizunguka taratibu kwenye kioo.

"Huyu ni wewe, Baba Mitchelle," Daktari alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. " Tumemtoa kwenye zile picha ulizopigwa."

"Mimi? Kwani nimekonda hivyo?"

Filister akaangua kicheko, cha kwanza tangu asubuhi.

Daktari akawaeleza. Kipande kibovu cha taya kingetolewa, na mahali pake pawekwe mfupa kutoka mguuni, ushikiliwe na bamba la chuma chepesi. Bamba lenyewe alikuwa amelichora kwa namna mbili, zikionekana kandokando kwenye kioo. Sasa kompyuta ingelitafunisha lile taya, kwa nguvu zilezile za misuli yake Osewe, wajue mapema bamba lipi litastahimili. Mahali popote pa bamba pakizidiwa na nguvu, pangegeuka pekundu.

"Ngoja kwanza, Daktari, usibonyeze!" Osewe alikuwa tayari amesimama, pua inakaribia kugusa kioo. Aibu yote ilikuwa imemtoka. "Hii ya kwanza itakatikia hapa kwa kona. Chuma ukikikunja ghafla kinachoka. Hii ingine imezungushwa polepole. Hii itashika, nakuambia!"

Daktari akabonyeza. Taya likafunguka, likafunga, likatafuna hewa. Kona ya bamba la kwanza ikawaka nyekundu kama chuma kilichotoka motoni. La pili likabaki kijani.

"Nilisema! Filister, si nilisema?"

"Ulisomea wapi haya?" Daktari aliuliza, naye akicheka.

"Kawangware, Daktari. Miaka kumi na minne ya magrili."

Jioni hiyo mtaa wao wote, Soweto West, ulisikia habari za taya linalotafuna kwenye kompyuta. Osewe aliwasimulia majirani mmoja mmoja, uso wazi.

Upasuaji ulichukua saa tisa. Alipozinduka hakuweza kusema, akaomba kalamu kwa ishara. Aliandika: *Ni ile ya pili?* Filister akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

Wiki nyingi zilifuata za uji na supu, na za kuchechemea. Hatimaye picha zikaonyesha mfupa umeshika, na Daktari akamruhusu chakula laini. Filister akapika samaki, akamtolea miiba yote. Osewe alitafuna taratibu, upande wa kulia kwanza, kisha kwa uangalifu akahamishia kushoto. Akameza, akasukuma sahani mbele.

"Niongezee," alisema.