Mlima Ambao Sikuupanda

Mimi ni mtu wa Moshi, na hapa Durban ukisema unatoka Moshi watu wanakupandisha Kilimanjaro kabla hujamaliza kusalimia. Madereva wa malori ninaowapikia wali na maharage kule Clairwood wananiita mama wa mlimani, na mimi sikuwahi kuwakatalia. Ukweli ni kwamba huo mlima nilikuwa nauona kutoka uani, nikianika nguo. Karibu zaidi nilikowahi kufika ni kwenye geti la hifadhi, na beseni la mayai ya kuchemsha kichwani, nikiwauzia wapagazi waliokuwa wanapanda.

Uongo niliutunga kwa ajili ya binti yangu. Alikuwa na miaka minane, baba yake akimjua kwa hadithi zangu tu, akarudi nyumbani kwetu Sydenham macho yamevimba kwa kulia. Shuleni walikuwa wamemwita mgeni, wakamuuliza kwao kuna nini cha maana, naye kwao hakujui, maana kazaliwa hapahapa. Nikapandwa na hasira, na nikiwa na hasira mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia kesho awaambie kwamba mama yake amefika kileleni, kwenye mlima mrefu kuliko yote Afrika, tena mara tatu. Kesho yake alirudi anacheka. Tangu siku hiyo alinipandisha kila wiki, na mimi nikawa naongeza: theluji ya kufika magotini, na mzungu niliyemshusha mgongoni. Alijivunia mimi. Na kadiri alivyokua ndivyo nilivyozidi kuogopa siku atakayojua, kwa sababu akishajua hilo, ataniamini kwa lipi tena?

Basi, likizo ya baridi mwaka jana, akina mama wa Kitanzania na wa Kikongo tukakodi teksi, ambayo huku ni daladala, kwenda kijiji kimoja kwenye milima ya Drakensberg. Mwanangu alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja. Kijiji chenyewe kizuri, sikatai. Nyumba za mawe, kanisa dogo la zamani, makumbusho ya vyumba viwili yenye ngao za Kizulu na matandiko ya farasi ya walowezi. Vijana walikuwa wanaendesha baiskeli kwenye mteremko ambao mimi nisingeshusha hata mbuzi, na wengine wananing'inia kwenye waya juu ya miti wakipiga kelele. Rafiki yangu Mkongo, anayesuka nywele saluni, alikuwa anatetemeka ndani ya kanga mbili.

"Mama, huku iko baridi ya kuua," akaniambia. "Wewe umezoea."

Nikajikaza kisabuni, nikasema hii si baridi.

Baada ya chai tukapanda na dada wa Kizulu aliyekuwa anatuongoza, kwenda kuona michoro ya Wasan, wenyeji wa kale wa milima ile. Kabla hatujaondoka, mwanangu akamwambia kwa Kizulu chake kizuri kwamba mama yake amepanda Kilimanjaro mara tatu. Nilitamani ardhi inimeze. Yule dada akafurahi kweli.

"Basi wewe utakuwa wa mwisho," akasema. "Wa mwisho ndiye anayehakikisha hakuna anayebaki nyuma. Na ukungu ukishuka, kila mtu akae alipo. Mimi nitamfuata."

Michoro tuliiona. Swala wakubwa wekundu na watu wembamba wanaokimbia, chini ya jiwe lililojitokeza kama baraza. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikuwa naangalia njia tu, kwa sababu kupanda ni kupanda, lakini kushuka ndiko nilikokuwa nakuogopa.

Tukiwa njiani kurudi, mwanangu akaniambia amebanwa na mkojo. Tukaingia nyuma ya jiwe. Dakika mbili, tatu. Tulipotoka hapakuwa na wenzetu wala njia wala mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka mzito, mweupe, hata viatu vyangu nilikuwa naviona kwa shida. Tukatembea hatua chache tukakuta njia mbili.

Nilipaswa kukaa pale. Maneno ya yule dada nilikuwa nayakumbuka vizuri kabisa. Au basi nipige kelele, si wenzangu walikuwa karibu? Lakini mtoto alikuwa ananitazama, ametulia, hana wasiwasi hata chembe, na nikaona aibu. Mtu aliyefika kileleni mara tatu anapigaje mayowe kwenye kilima cha matembezi? Nikachagua njia ya kushoto. Baada ya muda kidogo njia ikawa majani. Majani yakawa mawe yenye maji.

Nikaendelea kutembea, naye nyuma yangu.

"Mama, kule Kilimanjaro ukungu ukishuka mlikuwa mnafanyaje?"

"Tulikuwa tunafuata maji," nikasema. Sijui yalitoka wapi maneno hayo. "Maji yanashuka bondeni, na bondeni kuna watu."

Tukafuata maji. Kijito chembamba tu, kinapita katikati ya mawe. Mteremko ukawa mkali, nikawa nashuka kwa makalio, viganja vimechunika, najisemea Mungu wangu, Mungu wangu, kimyakimya asisikie. Nikakanyaga jiwe likachomoka, likabingirika mbele yetu, likapotea kwenye weupe. Nikasubiri kulisikia likitua. Nikasubiri mpaka nikaacha kusubiri, ndipo mlio ukaja, kutoka chini sana.

Nikang'ang'ania mwamba. Na hapo hapo mwanangu akanipita pembeni, anaimba wimbo wa shule kwa sauti ndogo, anafuata maji kama nilivyomwambia. Hakuogopa kwa sababu alikuwa na mimi. Nikamdaka kofia ya jaketi, nikamvuta kwa nguvu mpaka akaniangukia kifuani.

"Usiende. Sijui njia. Sijawahi kupanda Kilimanjaro. Sijawahi kupanda mlima wowote. Nilikuwa nauza mayai getini. Nimekudanganya."

Nilimshika kiuno kwa mikono miwili, mgongo wangu kwenye jiwe, nikaanza kupiga kelele za kuomba msaada kwa kila lugha ninayoijua. Nililia, sina haja ya kuficha. Yeye hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa amekakamaa mikononi mwangu, na kimya chake kiliniogopesha kama vile lile jiwe.

Sijui tulikaa muda gani. Sauti ya filimbi ikaanza kusikika juu yetu, ikasogea, kisha yule dada akatokea na fimbo na kamba. Alipoona tulipokaa, akafunga macho kidogo. Kutoka miguuni kwetu hadi ukingoni zilikuwa hatua nne. Alitufunga kamba viunoni, akatupandisha mmoja mmoja, na tulipofika njiani ndipo hasira zikampanda.

"Wewe, mtu wa Kilimanjaro, unafuata maji? Nilikwambia ukae!"

Nikafungua mdomo nikiri. Mwanangu akaniwahi.

"Ni mimi, sisi," akasema, kwa heshima zote, sisi ya Kizulu, yaani dada. "Nilikimbia. Mama alikuwa ananifuata."

Alisema bila kupepesa macho, bila sauti kutetemeka. Aliongeza kwamba alikuwa amemwona sungura. Yule dada akamwamini, akampa pole, akamfunika shuka lake. Mimi nilisimama pale nimelowa, nikiisikiliza sauti ya mtoto wangu, na nikaijua. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe.

Saa kumi tukaondoka kurudi Durban. Wenzetu walitupa pole, wakatupa chai ya chupa, wakasinzia. Mwanangu alikaa dirishani, mimi pembeni yake. Nilimuuliza kama ana njaa, akatikisa kichwa, akaendelea kutazama nje. Tulipokaribia mjini akageuka.

"Mama. Na kingine ni kipi?"

"Kingine kipi?"

"Kingine ambacho si kweli."

Aliuliza taratibu, bila hasira, kisha akasubiri. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule juu. Nilijua nikisema hakuna, ataitikia sawa, na hataniuliza tena maisha yake yote.

Nikaanza na baba yake.