Mwovu Asiyecheka

Mtu aliyeigiza mwovu katika igizo langu alituonyesha, mchana kweupe, mbele ya wanakwaya wasiopungua kumi, namna ya kuua kibanja kizima cha migomba bila mtu kujua. Mimi sikuwa nimeandika hivyo. Kwenye karatasi niliandika sentensi moja tu: "Mwovu anaingia kibanjani na panga, anafyeka migomba, anacheka." Yeye hakufyeka na hakucheka. Alikata kidogo gogo tulilolifanya kuwa mgomba mgonjwa, akasubiri kana kwamba utomvu wa njano unatoka, akaupaka kwenye panga pande zote mbili. Kisha akauendea mgomba mzima, akainua jani kavu lililoning'inia karibu na ardhi, akaukwaruza mara moja chini yake, halafu akalirudisha jani lifunike jeraha. Akalipapasa, kama mtu anayefunika mtoto.

"Wewe mzee umezidi!" alisema dada aliyekuwa akiigiza mjane. "Kuanzia leo kwetu hukanyagi."

"Nitakuja na jembe tu," akajibu. "Panga nitaliacha kwa mchungaji."

Wote walicheka. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika kitu. Nilikuwa nakumbuka kwamba kibanja cha mama yangu kule Bweranyange kilikufa kwa ugonjwa wa mnyauko, na kwamba mtu huyu ndiye aliyekuwa akikipogolea.

Nirudi nyuma. Kwetu kibanja ndicho nyumbani penyewe: migomba imeizunguka nyumba, mibuni katikati yake, maharage chini. Cha mama kilianzishwa na babu yake baba yangu. Baba alipofariki, mama alikitunza peke yake, na wapita njia walikuwa wakisimama kutazama mikungu. Kisha majani yakaanza kugeuka manjano na kulegea. Ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani ni kahawia. Bwana shamba alipokuja alieleza kwamba ugonjwa huu hutembea na kisu. Panga lililogusa mgomba mgonjwa lisipopitishwa motoni au kuoshwa kwa jiki, linaupanda ugonjwa kwenye mgomba unaofuata.

Mama aliposikia hivyo aliketi chini. Wiki chache kabla ya majani kugeuka tulikuwa tunatarajia wageni. Panga lake lilikuwa limelegea mpini, akaenda kuazima kwa jirani ambaye migomba yake ilikwisha kuanza kunyauka. Akakata mkungu mmoja. Hakulipitisha panga motoni, kwa sababu wakati ule nani alijua?

"Basi ni mimi," alisema. "Nimeua kibanja cha watu."

Tangu hapo, miaka yote hii, analisema jambo hilo kama mtu anavyotaja umri wake. Kukiwa na msiba na wanawake wakaenda kukata ndizi, yeye hubaki jikoni akimenya. Hataki kushika panga kwenye mgomba wa mtu. Shangazi yangu, dada yake baba, hajamsaidia. Kila akija hula matoke, akamaliza, akafuta mikono na kusema, "Si mabaya. Ya sokoni lakini si mabaya." Mama huinamisha kichwa.

Igizo lenyewe lilitokana na mchungaji wa usharika wetu, karibu na Bugene. Alitaka Sikukuu ya Mavuno iwe na fundisho kuhusu mnyauko. Kazi yangu ni kukusanya habari za wilaya kwa ajili ya redio, na watu huamini kwamba anayeandika habari anaweza kuandika chochote. Nikamtengeneza mwovu kwa siku mbili. Alikuwa na wivu, alikunywa rubisi, ile pombe ya ndizi, alicheka sana.

Hakuna aliyetaka kumwigiza. Kila mmoja aliogopa kuitwa hivyo barabarani. Ndipo mzee huyu akainua mkono kutoka mstari wa besi. Ana umri wa miaka hamsini hivi, mrefu, mpole, mpogoleaji wa vibanja vya watu tangu ujana. Chake hana. Baba yake alikiuza akiwa hai, na kwetu mtoto haachwi alisahau jambo hilo.

"Nipeni mimi," alisema. "Mimi sina cha kuharibikiwa."

Baada ya yale mazoezi ya gogo nilimfuata nje. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaanza yeye mwenyewe.

"Mwandishi, huyu mtu wako hacheki."

"Kwa nini?"

"Anayecheka ana raha. Anayejipenda ana shughuli zake, mgomba wa jirani unamhusu nini? Huyu kila akiingia kibanja cha mtu anaona kile ambacho baba yake alikiuza. Wenye kibanja wanamsifia: una mkono mzuri, una mkono mzuri. Yeye anasikia kwamba amebaki mkono tu."

"Akishafanya, anajisikiaje?"

"Nani?"

"Mwovu."

Alinitazama kidogo. "Anatapika," alisema. "Halafu anarudi kusaidia kung'oa. Andika hivyo, ndiyo itakuwa kweli."

Niliandika hivyo. Lakini usiku huo sikuwa tena mtunzi wa igizo. Nilifungua ukurasa mpya wa daftari la kazi, kama ninavyofanya mtu akija na tuhuma, nikapanga watu wa kuwauliza.

Nilianza na bwana shamba wa zamani, ambaye sasa ni mstaafu. Alimkumbuka. "Alihudhuria semina yetu, akakaa mbele kabisa. Tuliwaonyesha kwenye gogo jinsi kisu kinavyobeba ugonjwa."

"Na chini ya jani kavu?"

"Hapana, hilo sisi hatukufundisha." Akafikiri. "Ila mpogoleaji yeyote angelijua. Wanashinda humo."

Jirani wa mama alinikumbusha jambo nililokuwa nikilijua na kulihesabu kuwa wema: migomba ilipokufa, mzee huyu alikuja na jembe lake, akang'oa mashina siku baada ya siku, akakataa ujira, akakataa hata kibuyu cha rubisi. Mke wa mzee nilimkuta akianika kahawa. Nilimwuliza kwa mzunguko, kama mtu anayekumbushia ya kale.

"Kibanja cha mama yako? Waitu, jamani, siku zile mume wangu alikuwa halali usiku. Alisema ni mgongo."

Kung'oa mashina huumiza mgongo. Hilo nalo niliandika. Kila nilichokipata kilikuwa na maelezo mawili, na yote mawili yalikaa vizuri. Nilijikuta namtazama kanisani anavyokunja mikono, anavyokaa mwisho wa benchi kana kwamba ataombwa aondoke. Nilijichukia kwa kumtazama hivyo. Sikuacha.

Mama sikumwambia. Ningemwambia nini? Lakini nilijua uzito wa jambo lenyewe: kama ni mtu huyu, basi mama si yeye.

Zilipobaki wiki mbili kabla ya Mavuno, tukashindana kuhusu mwisho wa igizo. Mwisho wangu ulikuwa mwovu anapita katikati ya kanisa, anakiri mbele ya wote, kwaya inaimba, mjane anamkumbatia. Mzee alikataa kabisa.

"Huyo hajatubu. Huyo anaomba makofi."

"Sasa atubu vipi?"

"Alete machipukizi safi, apande kwa mkono wake, mwaka huu na mwaka ujao na mwingine. Anyamaze. Aibu yake aibebe mwenyewe, asimtwike mama wa watu."

Labda ilikuwa hasira, labda ni mazoea ya kazi, ya kumtupia mtu jambo na kutazama uso. Nilisema, "Na kama mjane anaamini ni yeye? Kama aliazima panga kwa jirani, akalitumia bila kulipitisha motoni, na mpaka leo anasema ameua kibanja cha watu?"

Alikuwa akifunga kamba kwenye gogo letu. Akaacha.

"Hilo umeliongeza lini?"

"Leo."

"Anasema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Ni igizo, mzee."

Aliondoka kabla ya sala ya kufunga, na wakati wote niliomjua hakuwahi kuondoka kabla ya sala. Mchungaji alipoulizwa kuhusu mwisho alichagua wangu, kwa sababu waumini wanataka kuona msamaha kwa macho.

Siku ya Mavuno mikungu ilirundikwa mbele ya madhabahu, na maharage, na kahawa kwenye ungo, na mbuzi mmoja aliyefungwa mlangoni akijibu kila wimbo. Mama alikuja kwa bodaboda kutoka Bweranyange, akakaa benchi la tatu. Alikuja kwa sababu igizo ni la mwanawe. Sikumwambia linahusu nini, naye aliposikia neno mnyauko aliuvuta mtandio karibu na mdomo.

Ilipofika sehemu ya panga na jani kavu, kanisa lilinyamaza hata mbuzi akasikika peke yake. Mzee mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Huyu amejua wapi?" Jirani yake akamjibu, "Semina hizo." Sikugeuka kuwatazama ni akina nani.

Kisha ukaja mwisho. Alitakiwa awageukie waumini na kusema maneno niliyoandika: nimewakosea, nisameheni. Akamgeukia dada wa kwaya aliyeigiza mjane, ingawa kutoka nilipokuwa siwezi kuapa kwamba macho yake yalimfikia dada yule na hayakupita begani kwake kuelekea kwenye mabenchi.

"Mama," alisema, "lile panga uliloazima halikuleta kitu. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Uliingia na mkono wangu."

Karatasini hapakuwa na panga la kuazima. Dada wa kwaya alisema, "Waitu," kisha akaketi chini kabisa, na watu wakadhani ndivyo tulivyofundishana, wakapiga makofi. Kwaya ikaanza kuimba. Mama hakupiga makofi.

Tulitembea pamoja mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda. Hapo mama akanigeukia.

"Yale ya panga uliyaandika wewe?"

"Watu wengi huazima panga, mama."

"Sijakuuliza watu wengi."

Ningesema ndiyo, angebaki na mzigo wake na mzee angebaki na jina lake. Ningesema hapana, ningekuwa nimemshtaki mtu kwa ushahidi ambao hata redioni nisingeuthubutu.

"Sikuyaandika," nilisema.

Alipanda pikipiki, akajifunga vizuri khanga. "Basi wewe usimwulize kitu," akasema. "Maswali yako ni ya redio. Nitamwuliza mimi."

Jumatatu mzee alikuja nyumbani kwangu. Alikataa kuingia, akakataa chai. Usharika mmoja wa Kyerwa ulikuwa umetualika kwenda kurudia igizo Rubwera, Jumamosi hii, na alikuwa ameshasikia.

"Nitaigiza," alisema, "lakini yale niliyosema uyaandike. Yawe kwenye karatasi kama mengine."

"Kwa nini?"

"Mtu akiuliza, yawe yako."

"Yalikuwa ya nani, mzee?"

"Mama yako alilala?" akauliza. "Siku ile, alilala?"

Sikujua, nikamwambia sijui. Akaitika kwa kichwa, akaenda zake.

Nimefikiri siku zote hizi. Kama ni yeye, anataka kujificha nyuma ya kalamu yangu. Kama si yeye, basi alisikia kutoka kwangu kwamba kuna mjane anayejihukumu, akaona afadhali aibebe dhambi ile mwenyewe, kwa kuwa tangu zamani hajioni kuwa na cha kuharibikiwa. Mtu anayejichukia kiasi hicho anaweza kukiri hata asilolifanya. Na mimi, mwenye daftari, ndiye niliyempa maneno ya kukiri. Nikiyaandika, mama akiiona karatasi ataamini kwamba nilimdanganya njiani na kwamba panga lake bado ndilo lililoua. Nisipoyaandika, mzee hatapanda gari.

Mama amepiga simu asubuhi hii kuuliza gari la kwaya linaondoka saa ngapi. Anataka kwenda Rubwera nasi, na ameomba awekewe nafasi karibu na yule mzee. Nimemwambia saa mbili. Mistari ile sijaiandika bado.