Sweta ya Kijani ya Mama

Mdogo wangu, binti wa mwisho kwetu, huchora vibao vya salon na butchery pale Kericho mjini. Nilikuwa nikimcheka: kazi gani hiyo ya kuchorea watu mbuzi ukutani? Siku hizi nimeufyata. Mkono wake una kitu ambacho mimi, na masomo yangu yote, sina.

Mama alipofariki, picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, ametoa macho kama mtu aliyeshikwa na polisi. Nikamwambia mdogo wangu amchore vizuri, na nguo za kanisa. Akaitikia. Baadaye alikuja nyumbani Kimulot na kipande cha plywood, akakiegemeza ukutani, nami nikaona haya. Alikuwa amemchora Mama zizini, na ile sweta yake ya kijani ya kukamulia, iliyofumuka, shavu ameliegemeza kwa ng'ombe wake mweusi, mdomo nusu wazi akiimba. Ng'ombe amefumba macho kwa raha.

"Wageni watasema nini?" nikamfokea. "Kwani Mama hakuwa na nguo?"

"Hapo ndipo alikuwa anafurahi," akanijibu, basi.

Baba akasogeza kiti karibu na picha. Tangu mazishi, ng'ombe huyo alikuwa amekataa kushusha maziwa. Baba akijaribu kukamua, anapigwa teke. Nikijaribu mimi, ndoo inapinduliwa. Baba alikuwa ameamua kwamba Jumamosi mtu wa butchery kutoka Kapsoit aje amchukue. Ilimuuma sana. Huyo ng'ombe ndiye pekee aliyekuwa amebaki wa Mama pale nyumbani.

Baba aliitazama ile picha mpaka chai yake ikapoa. Kisha akauliza, "Hiyo sweta iko wapi?"

Nguo za Mama tulikuwa tumewagawia shangazi na majirani, ilivyo desturi. Sweta hiyo hakuna aliyeitaka, maana ilinuka ng'ombe. Ilikuwa kwenye gunia, chini ya kitanda.

Asubuhi tulimkuta Baba zizini, mzee mzima, mikono ya sweta imeishia kwenye viwiko, akiimba wimbo wa Mama vibaya sana. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka povu linamwagika. Yule wa Kapsoit akapigiwa simu asije.

"Usinichore hivi," Baba akamwambia mdogo wangu bila kugeuka.

Alimchora. Picha hiyo iko sebuleni, kando ya ile ya Mama, na msumari aliupiga Baba mwenyewe.